Sura ya Sita: Picha Yenye Pepo Mbili

Yeyote aliyepata kuketi kando ya njia, ubao magotini na brashi mkononi, akajaribu kuihamishia karatasini safu ya minazi iliyo mbele yake, atakuwa ameulizwa swali moja lisilobadilika, liwe limetoka kinywani mwa mtoto arudiye chuoni, au mama atokaye sokoni na kikapu chake, au bwana mwenye simu nzuri mfukoni: mbona usipige picha, ukaenda ukachora nyumbani kwa raha zako? Swali hili si la ujinga, wala halina kejeli ndani yake. Aghalabu huulizwa kwa huruma, kwa kuwa muulizaji amekwisha kuliona jasho linavyonitiririka shingoni na nzi wanavyofanya baraza masikioni mwangu. Nami kwa miaka mingi nilikuwa nikilijibu kwa tabasamu tu, maana jibu lenyewe sikuwa nalo. Nililipata Pangani, alasiri moja ya msimu wa kaskazi, nikapewa na mtu ambaye, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwahi kushika brashi isipokuwa ile ya kupakia mashua. Lakini kabla sijamfikia mzee huyo, yafaa msomaji ajue desturi hii ya kuchora nje ilitoka wapi, na mashaka yake ni yapi.

Kibofu cha nguruwe na tyubu ya bati

Mandhari, kwa maana tutakayoishika katika sura hii, ni sura ya mahali kama jicho linavyoipokea: ardhi, maji, miti, majumba na mbingu juu yake, watu wakiwamo kwa udogo wao au wasiwamo kabisa. Wachoraji wa Ulaya walichora mandhari kwa karne nyingi, walakini wengi wao walitoka nje kukusanya vidokezo tu, kwa penseli au kwa rangi nyepesi, na picha yenyewe kubwa, ile ya rangi za mafuta, yaani unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya kitani, wakaimaliza chumbani. Sababu haikuwa uvivu. Rangi ya mafuta ilikuwa ikitiwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Aliyetaka kuitumia alikitoboa kwa msumari, na kikishatobolewa hakikuzibika sawasawa, rangi ikakauka, au kibofu kikabanwa safarini kikapasuka juu ya nguo za mwenyewe.

Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, kwa ajili ya tyubu ndogo ya bati laini yenye kizibo, ndugu wa ile tunayoiminya kila asubuhi tukipiga mswaki. Jambo dogo, lakini ndilo lililowafungulia watu mlango. Rangi ikawa yachukulika mfukoni, reli nazo zikawa zimeanza kuwatoa watu mijini, na katika miaka iliyofuata wachoraji wa Paris wakajaa katika msitu wa Fontainebleau na kando ya mto Seine, wakachora picha nzima nje tangu mwanzo hadi mwisho.

Taabu zikawafuata huko huko. Mwaka 1885 Claude Monet alikuwa Étretat, katika pwani ya Normandy, Ufaransa, amekaa chini ya jabali akichora, akiamini kwamba maji hayatamfikia. Likaja wimbi moja likamtupa jabalini, likamkokota, likachukua picha, stendi na mkoba, naye akatoka hai, ndevu zake zimejaa buluu na manjano kutoka katika ubao wake wa kuchanganyia rangi. Mvuvi yeyote wa Kojani angemwambia kwamba asiyejua saa za maji asiweke mkeka ufukweni. Mwenzake, Paul Cézanne, hakuwa na bahati hiyo: mwezi Oktoba mwaka 1906 alinyeshewa na mvua ya radi akiwa kazini nje ya mji wake wa Aix, akarudishwa nyumbani hoi, na baada ya siku chache akafariki.

Na wadudu je? Katika picha ya mizeituni aliyoichora Vincent van Gogh mwaka 1889, iliyoko leo katika makumbusho ya Nelson-Atkins, Kansas City, wataalamu walitangaza mwaka 2017 kwamba wameona panzi ndani ya rangi, mdogo, amekaa pale kwa zaidi ya karne moja bila ya mtu kumtambua. Mimi habari hii ilinifariji mno. Nilikuwa nikidhani ni mimi peke yangu ninayeuza picha zenye sisimizi.

Jua, na hila zake

Tuliache jabali la Étretat, turudi kwetu, ambako bwana wa taabu zote ni jua. Mgeni hudhani taabu ya jua ni joto. La, joto huzoeleka. Taabu ni weupe wa karatasi. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua la saa nne huwa kama kioo, mboni ya jicho hujibana kujihami, na rangi unayoipaka huonekana ang'avu kuliko ilivyo. Basi wewe huikoleza, ukaikoleza tena, na ukifika nyumbani ukaiweka picha chini ya taa, hukuta umechora usiku. Dawa yake ni kukaa kivulini, na kivuli nacho kina hila yake. Siku moja msichana mmoja wa jirani aliniona ninavyoungua, akanihurumia, akaniletea mwavuli mwekundu wa mamake, nami nikamshukuru kwa dhati ya moyo nikachora chini yake saa nzima. Nuru nyekundu ilikuwa imetanda juu ya karatasi pasipo mimi kuitambua, kwa maana jicho hulizoea jambo upesi, na mkono ukawa waongeza kijani na buluu kuifidia. Nilipoitoa picha ile nje ya mwavuli, watu wote waliokuwamo walikuwa na nyuso za maiti.

Mimi hutumia rangi za maji, yaani unga wa rangi uliofungwa kwa gundi ya mti wa jamii ya mgunga, ambao huloweshwa na kutandazwa juu ya karatasi nene kwa tabaka nyembamba, nuru ikipenya hadi weupe ulio chini yake. Tabaka moja sharti ikauke kabla ya nyingine kufuata, na hapo ndipo hali ya hewa inapokuwa mshirika wa kazi, utake usitake. Wakati wa kiangazi rangi hukauka kabla hujaimaliza kuitandaza, mbingu ikabaki na michirizi kama ramani ya mito. Wakati wa masika haikauki abadan, na tone moja la mvua likiiangukia mbingu iliyo mbichi hufanya doa lenye kingo kama ua, na doa hilo halifutiki.

Kwa mwenye nia ya kuanza, na asiogopeshwe na haya, hivi ndivyo nivichukuavyo:

- Kofia ya ukili yenye ukingo mpana, na mwavuli mweusi au mweupe. Wa rangi nyingine, hata ukipewa kwa mapenzi, ufunge.
- Chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya brashi, kila moja na alama yake, kwa sababu utakuja kukosea.
- Ubao mwepesi, na vibanio vinne vya kubania karatasi, kwa kuwa upepo hauna adabu.
- Rangi saba au nane, zisizidi. Mwenye rangi thelathini hutumia muda wake kuzitafuta.
- Mkeka. Stendi ya kuchorea, kile kiunzi cha miguu mitatu cha kushikilia ubao, nilikwisha kuiacha siku iliponiangukia mbele ya kadamnasi.

Maji ya jana hayarudi leo

Katika nchi za kaskazini jua hupita limeinama, na mchoraji hupata mwanga wa namna moja kwa muda mrefu. Kwetu jua hupanda wima kama mkwezi. Pangani iko nyuzi tano na kitu kusini ya ikweta, na siku za mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini barabara, kila mnazi ukasimama juu ya kivuli chake kama mtu aliyekanyaga sinia, na nchi nzima ikalala bapa, haina bonde wala kilima. Jioni nako, tangu jua lizame hata giza liingie, ni dakika 20 na kitu tu. Kwa hiyo saa za kazi ni zile za asubuhi, tangu saa moja hata saa tatu, na zile za alasiri, tangu saa kumi hata karibu na magharibi; zilizobaki ni za kulala.

Juu ya hayo kuna maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, ambayo ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua sana. Matokeo yake ni kwamba mtu arudiye kesho saa ile ile ili aendelee na picha yake, hata akiukuta mwanga ule ule, hayakuti maji yale yale: palipokuwa na bahari pana mchanga, na mashua iliyokuwa ikielea imelala ubavu. Jua na maji havikutani tena kwa namna ya jana mpaka zipite takriban wiki mbili. Monet alipokuwa akichora marundo ya nafaka shambani mwaka 1890 na 1891 aliliepuka shaka hili kwa kuwa na picha nyingi pamoja, akaiweka hii na kuishika ile kila mwanga ulipogeuka, na mtu wa kumchukulia alikuwa naye. Mimi nina ubao mmoja na hakuna anichukuliaye.

Kwa ufupi, hadi hapa: achoraye nje ana muda wa saa mbili, mwanga usiotulia, maji yasiyotulia, na rangi isiyokauka wakati anapotaka ikauke. Bado hatujawataja watu.

Watazamaji

Watoto si taabu, ingawa wengi hudhani ndio. Mpe mmoja wao kazi ya kushika chupa ya maji, naye atawatawala wenzake kwa ukali kuliko mwalimu. Wakubwa ndio wenye dhana. Katika bandari moja nisiyoitaja, askari alinijia kwa hatua za haraka akataka kibali, akisema kwamba hapo hapapigwi picha. Nikamjibu kwamba sipigi, nachora. Akaona hoja ina uzito, akasema basi aione. Akaishika karatasi, akaitazama bandari, akaitazama karatasi tena, uso wake ukalegea, akanirudishia kwa upole. "Endelea tu, mzee," akasema. "Kwa ramani hii adui hatafika."

Pangani

Siku ile niliketi upande wa mji, ukingoni mwa mto, nikiitazama ng'ambo ya Bweni, bahari ikiwa kushotoni kwangu na bara kuliani. Ilikuwa saa moja na nusu, jua bado changa, na umande unavuma. Nao umande, kwa asiye mtu wa pwani, si matone ya majani peke yake, ni ule upepo mwembamba utokao bara alfajiri, unaowasukuma wavuvi nje. Nikaichora minazi ya Bweni, makuti yake yote yakilala kuelekea baharini. Kazi ilikuwa njema. Kufika saa mbili mbuzi mmoja alipita akaiangusha chupa ya maji ya brashi, na ile ya kunywa nilikwisha kuinywa, nami badala ya kuinuka kwenda kutafuta nyingine nikachota ya mto pale miguuni pangu, nikasahau kwamba maji yalikuwa yamejaa na kwamba mto saa ile ni bahari tupu.

Rangi iliyochanganywa na maji ya chumvi ina tabia yake. Hutandazika vizuri, kisha hukaa; nikangoja, nikapuliza, nikaipepea kwa kofia, na buluu ya mto bado ilikuwa yang'aa kwa ubichi, huku vijinyota vidogo vyeupe vikianza kuchipuka ndani yake, chembe baada ya chembe, kila kimoja na miali yake. Vilikuwa vizuri kuliko chochote nilichokichora mimi, nikavitazama mpaka njaa ikaniuma. Nikauacha ubao kivulini kwa mwenye duka, nikaenda kula, nikalala, nikarudi saa kumi. Picha ilikuwa imekauka. Ngalawa moja ilikuwa ikiingia kutoka nje, tanga limejaa, na kwa kuwa pale katikati ya picha palikuwa patupu, nikaichora haraka haraka kabla haijapita, nikajisifu moyoni kwa wepesi wa mkono.

Nyuma yangu palikuwa pamesimama mzee mmoja, nahodha wa zamani, kama watoto walivyokuwa wakimwita. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Picha nzuri, mwanangu," akasema hatimaye. "Ila ina pepo mbili."

Watoto wakaangua kicheko, mmoja akaruka nyuma kujifanya amepandwa na shetani. Mzee hakucheka.

"Pepo gani hizo, nahodha?"

"Minazi yako yapigwa na umande; tazama makuti, yote yaenda baharini. Na ngalawa yako yaja na upepo wa nje, tanga limetuna upande wa bara. Sasa niambie mwenyewe, hiyo ni saa ngapi?"

Sikuwa na la kusema. Mzee yule aliisoma picha yangu kama watu wasomavyo saa ya ukutani, akakuta mishale yake inaonyesha pande mbili. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kamera isingalikosea namna hii, kwa sababu kamera haihitaji kujua upepo unatoka wapi: huufumba na kuufumbua mlango wake, ikaondoka na kitambo kimoja kizima, na mwenye kuishika anaweza kurudi nyumbani akiwa hakujua kama ni maji kujaa au maji kupwa. Achoraye nje hana kitambo kimoja. Ana saa mbili, na katika saa hizo kivuli alichokiona alipoanza kimekwisha kuhama, mashua imegeuka, upepo umekufa na mwingine umezaliwa, naye sharti achague wakati mmoja, aushike moyoni, aulinde dhidi ya ulimwengu unaoendelea na shughuli zake mbele ya macho yake. Kwa lugha nyingine, yeye naye huchora kwa kumbukumbu, ila kumbukumbu yake ina umri wa nusu saa. Ili aikumbuke asubuhi lazima kwanza ameijua: umande ulikuwapo au haukuwapo, maji yalikuwa yakipanda au yakishuka. Hilo ndilo ningewajibu wale walioniuliza, na tangu siku ile huwajibu, ingawa wengi huwa wamekwisha kwenda zao.

Mlima aliokwenda nao

Msomaji aweza kunikatiza hapa, na ana haki: ikiwa yote ni kumbukumbu, kwa nini mtu atoke? Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame katika mwaka 1923, alijifunza kuchora Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyekuwa na mtindo wa kuwasimulia wanafunzi tukio, nao wakalichora kama walivyoliona kwa macho ya moyo. Ntiro alikwenda London kusoma, akafundisha Makerere, na Tanganyika ilipojitawala akawa balozi wake Uingereza. Na popote alipokuwa aliendelea kuchora migomba, njia za vijijini na watu wa kwao Kilimanjaro, wakiwa kazini au katika arusi. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Hakuketi migombani na mwavuli.

Naam, lakini yeye alikulia mle. Alikuwa amekwisha kukaa nje miaka yote ya utoto wake, bila ya brashi, na alipoondoka aliondoka na mlima kamili. Mimi si mtu wa Pangani. Nilifika pale kwa basi. Yale ambayo nahodha aliyapata kwa miaka hamsini ya kushika usukani, nami nayataka kwa saa mbili, sina njia ya kuyapata isipokuwa kuketi mahali hapo na kulazimishwa kutazama.

Ujira

Fedha haimo. Picha iliyochorwa nje aghalabu huwa na doa, na mnunuzi hupenda isiyo na doa. Ujira ni mambo madogo: kahawa chungu iletwayo na mtu usiyemjua kwa kuwa amekuona umekaa sana, ndege anayerudi kuvua akiisha kukuhesabu kuwa jiwe, na ile asubuhi moja katika ishirini ambayo maji, mkono na hewa vinakubaliana, ukatandaza mbingu kwa pigo moja, ikakauka kama ulivyoitaka.

Ile ya Pangani sikuirekebisha. Niliitia fremu, nikaitundika ukumbini, na kwa kuwa chumvi ya bahari huvuta unyevu, kila masika picha hutoka jasho: ukungu huota ndani ya kioo, hapo penye mto tu, pengine pakavu. Mke wangu huiteremsha, huifungua mgongo, huifuta kioo, huiacha mezani ipate hewa. Mwaka jana mjukuu wangu aliikuta hapo mezani, nikamsimulia habari za nahodha, akaiinamia kwa muda, kidole chake kikienda kutoka ng'ambo ya Bweni hadi penye tanga.

"Sasa babu, hapa saa ngapi?"

"Kwenye minazi ni saa mbili asubuhi," nikamwambia. "Kwenye ngalawa ni saa kumi."

"Na hapa katikati, penye nyota?"

"Hapo," nikasema, "nilikuwa nimekwenda kula."